Redio hawakunipigia simu: je, niache kuandika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima wa korosho huku Tandahimba na ni mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya kijiji chetu. Msimu uliopita tulikatwa shilingi 60 kwa kila kilo bila kuelezwa ni za nini. Niliandika kwenye ukurasa wangu, maneno yakasambaa mpaka wilaya ya jirani. Wiki iliyofuata redio ikatangaza kwamba kijijini kwetu kuna "mama mmoja mchochezi anayepotosha wakulima". Mjumbe wa bodi ndiye aliyehojiwa, mimi hawakunipigia hata simu. Baadaye mjumbe huyo akaniambia ana kwa ana kwamba nitafungwa kwa sheria ya mtandao. Naomba unieleze: ninao uhuru wa kusema au sina? Redio ile iliegemea upande, au ndiyo kazi yao? Na je, niache kuandika? Nimekuambatanishia nilichoandika.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza ili usiendelee kulala na wasiwasi: usiache. Lakini usiandike tena kama ulivyoandika siku ile. Sababu zangu ni ndefu kidogo, na zinapita redioni kabla ya kufika mahakamani.

Unauliza kama redio iliegemea upande. Iliegemea. Kumhoji mjumbe wa bodi hakukuwa kosa, ile ni kazi yao na yeye ana haki ya kusikika. Kosa ni kwamba walimtuhumu mtu kwa uchochezi, mtu ambaye kijiji kizima kinamjua hata bila kutajwa jina, kisha hawakumtafuta. Kwenye chumba cha habari tunasema stori haijabalansi. Bibi yangu wa Kitangari hakuwahi kuingia chumba cha habari, lakini angelielewa jambo hilo bila kufundishwa, maana hakuna mzee wa busara anayeamua ugomvi wa mpaka wa mikorosho kwa kumsikiliza tu yule aliyewahi kufika barazani.

Wengi hudhani upendeleo wa vyombo vya habari ni uongo. Uongo hukamatika. Katika miaka 23 niliyoandika habari kutoka Lindi na Mtwara, stori za uongo mtupu nilizokutana nazo zinahesabika kwa vidole. Zilizonikosesha usingizi ni zile ambazo kila sentensi ilikuwa ya kweli. Mkuu wa wilaya kweli alisema alichosema. Mwenyekiti kweli alikanusha. Aliyekosekana ni mtu wa tatu, aliyesimama pembeni ya ghala na stakabadhi yake mkononi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Upendeleo hukaa hapo, kwa yule asiyeulizwa, ndiyo maana ni vigumu kuunyooshea kidole.

Nikuambie unavyotengenezwa, kwa sababu mara nyingi hakuna mtu mbaya nyuma yake. Wawakilishi wengi wa magazeti mikoani, na watangazaji wengi wa redio za wilayani, hawana mshahara wa kueleweka. Mwakilishi hulipwa kwa stori iliyotoka. Kutoka Mtwara mjini kupanda mpaka vijiji vya Tandahimba ni nauli yake mwenyewe, na stori huenda isitoke kabisa. Halmashauri ikiwa na ziara, kuna kiti kwenye gari, kuna chakula cha mchana, na jioni kuna bahasha inayoitwa nauli. Chama kikuu cha ushirika kikiitisha mkutano na waandishi, ni vivyo hivyo. Mkulima akiita, hakuna gari. Basi piga hesabu mwenyewe ni sauti za nani zitakazojaa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Tena redio ndogo huishi kwa matangazo na vipindi vya kulipiwa, na kwenye mikoa yetu walipaji wakubwa ni halmashauri, taasisi za serikali na, msimu ukifika, wenye shughuli za korosho. Mhariri hahitaji kutishwa na mtu. Anajua tayari nani analipia umeme wa studio.

Bahasha zile nami nilizipokea miaka yangu ya mwanzo, na nilijiambia ni nauli kweli. Kisha ukaja msimu mmoja mbaya. Nilikwenda Nanyamba kwa pesa yangu, nikakaa na wakulima wanane ambao fedha zao zilikuwa hazijaingia benki, nikaandika kila mmoja na kilo zake. Chini kabisa nikaweka aya mbili za kauli ya ofisi ya mkoa. Gazeti lilipotoka, wale wakulima wote walikuwa wameondolewa, na zile aya mbili ndizo zilizokuwa stori. Mhariri aliniambia nafasi ilikuwa finyu. Sikumwamini wakati ule na simwamini leo. Niliporudi Nanyamba mwezi mmoja baadaye, mzee mmoja kati ya wale wanane alikataa kunipa mkono. Mkono ule bado naukumbuka kuliko tuzo yoyote niliyowahi kupewa.

Kwa ukubwa wa mkoa mzima, jambo hilohilo lilitupata mwaka 2013. Muulize mtu wa Arusha au Mwanza anakumbuka nini kuhusu gesi ya Mtwara, atakuambia moto. Atakuambia ofisi zilizochomwa, daraja la Mikindani lililoharibiwa, na wanajeshi mitaani baada ya Mei 22, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na kuthibitisha kwamba bomba litajengwa kwenda Dar es Salaam. Yote yalitokea, na watu walikufa. Lakini habari nyingi zilianzia kwenye moshi, utadhani watu wa Mtwara waliamka asubuhi wakiwa na viberiti mfukoni. Hazikuanzia Desemba 27, 2012, siku maelfu walipoandamana mjini Mtwara na mabango yao. Wala hazikuanzia mwaka 2004, gesi ya Songo Songo, iliyoko Kilwa ndani ya mkoa wa Lindi, ilipoanza kupita kwenye bomba kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme, huku vijiji vingi vya Kilwa vikiendelea kuwasha vibatari. Aliyeijua habari ya 2004 aliposikia kauli ya "gesi haitoki" alisikia swali kuhusu ahadi. Asiyeijua aliambiwa watu wa Kusini ni wabinafsi.

Serikali nayo ilikuwa na hoja yenye uzito. Rasilimali ni ya taifa zima, na soko kubwa la umeme na viwanda liko Dar es Salaam. Rais Kikwete aliieleza hoja hiyo kwenye hotuba yake ya kufunga mwaka 2012, na ilistahili kutangazwa neno kwa neno. Ninachokilalamikia ni kwamba mara nyingi ilitangazwa peke yake, bila kukutanishwa na swali la upande wa pili kwenye ukurasa uleule. Waziri Mkuu Pinda alikuja Mtwara mwishoni mwa Januari 2013, akakaa, akasikiliza makundi mbalimbali. Ziara ile ilionyesha kwamba watu walikuwa na hoja za kueleza, na zingeweza kuandikwa mwezi mzima kabla, bila Waziri Mkuu kulazimika kusafiri ili zisikike.

Katika machafuko ya Mei, nyumba ya mwandishi wa shirika la utangazaji la taifa ilikuwa miongoni mwa zilizochomwa. Hakuna hoja duniani inayohalalisha kumchomea mtu nyumba kwa sababu ya kazi yake. Nakutajia kwa sababu naogopa kuliona tena. Watu wakisikiliza redio mwaka mzima bila kusikia sauti zao, hasira yao humwangukia mwenye maiki, na mwenye uamuzi yuko mbali. Kwa hiyo hasira yako kwa yule mtangazaji wa redio, ambayo naiona wazi kwenye barua yako, naomba uiweke mahali pake. Nitakuambia mahali hapo ni wapi.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na shamba lako. Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo mnadani, Rais Magufuli aliagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kwenye kazi ya kusomba. Namba ile ikawa wimbo wa kila taarifa ya habari. Ilikuwa namba ya kweli. Ila baada ya wiki chache mkulima hakuwa tena akiuliza bei ni ngapi. Alikuwa akiuliza fedha zitaingia lini, maana uhakiki wa mashamba wa kuwasaka wa kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kinyemela, ulichukua muda, na wapo waliongoja miezi. Wachache pia waliikumbusha nchi kwamba Juni mwaka huohuo wabunge wa Kusini walikuwa wamepambana bungeni kuhusu ushuru wa korosho zinazokwenda nje, fungu ambalo sehemu yake ndiyo iliyokuwa ikirudi kwa mkulima kama pembejeo. Tena naamini wengi waliotangaza 3,300 walitangaza kwa furaha ya kweli, kwa ajili yenu. Namba moja nzuri inaweza kuziba maswali matano.

Usifikiri dawa ni kupata chombo kisicho na upande. Sijakiona bado. Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso kule Masasi, alikuwa mhariri kabla hajawa Rais. Aliongoza The Nationalist na Uhuru, magazeti ya TANU, kisha Daily News ya serikali, na mwaka 1976 akawa mkurugenzi wa kwanza wa shirika la habari la Shihata. Aliyenunua Uhuru miaka ile alijua ananunua gazeti la nani, akalisoma kwa jicho hilo. Upande uliotangazwa haunitishi. (Wala kuwa gazeti la wenye nyumba hakulindi: Agosti 2021 Uhuru lilisimamishwa siku 14 kwa kichwa cha habari kilichosema Rais Samia hana wazo la kugombea 2025.) Unaonitisha ni ule upande unaovaa kanzu ya mizania. Kwa hiyo ukisikia habari yoyote, ya redio ile au ya mtu unayempenda, jiulize imeanzia siku gani, nani kaulizwa, nani angepaswa kuulizwa akaachwa, na gari lililompeleka mwandishi lilikuwa la nani.

Sasa uhuru wako. Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kisha inaongeza jambo ambalo wakulima wachache wamewahi kusomewa: haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Shilingi 60 kwenye kilo ya korosho yako zinahusu maisha na shughuli zako. Kabla hata hujafungua mdomo kulalamika, ulikuwa tayari na haki ya kuambiwa. Mipaka ipo. Ibara ya 30 inakataza haki zako zitumike kuvunja haki za mwingine, na jina la mwenyekiti wako ni haki yake.

Sheria uliyotishiwa nayo ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kifungu alichokuwa nacho kichwani bila shaka ni cha 16. Hakutia chumvi kuhusu ukali wake, kwani adhabu ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Alichokiacha ni kwamba kifungu hicho kinamhusu anayechapisha taarifa akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, na kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuudanganya umma. Mkulima anayeuliza makato yake ni ya nini hadanganyi mtu.

Hata hivyo sikufichi. Mambo ya nia na kujua huzungumzwa mahakamani, na mtu anaweza kuwa amekwisha kulala mahabusu kabla ya kufika huko. Vilevile anayejiona amekashifiwa anaweza kukufungulia kesi ya madai ya fidia. Kwa hiyo maneno uliyoyachagua yana uzito kuliko nia uliyokuwa nayo. Tuyasome.

Uliandika hivi: "Bodi ya wezi imetula tena. Shilingi 60 kila kilo wameweka mfukoni. Wakulima amkeni!" Sentensi tatu tu. Ya kwanza inawaita watu wezi, na wizi ni kosa la jinai ambalo hujalithibitisha. Ya pili inasema fedha ziko mfukoni mwao. Unajua hivyo? Kwenye barua yako kwangu umesema jambo tofauti, kwamba hamkuelezwa. Kutoelezwa ni jambo moja, kuibiwa ni jingine, na huenda yote mawili yametokea, ila wewe unalo moja tu mkononi. Ya tatu, "amkeni", ni neno zuri ambalo nimelisikia kwenye mikutano mingi ya ushirika, lakini likiwekwa nyuma ya neno "wezi" linampa mtu anayekutafuta ubaya mahali pa kushika. Neno uchochezi walilitoa hapo.

Kuna jingine, na naomba usinikasirikie. Ulimpigia mwenyekiti kabla hujaandika? Ulimuuliza katibu? Kwenye barua yako sioni. Ulichofanyiwa na redio, nawe ulimfanyia mwenyekiti. Alijikuta ameitwa mwizi mpaka wilaya ya jirani bila hata mtu kumuuliza zile shilingi 60 ni za nini. Huenda hana jibu. Huenda analo, na ni la kuaibisha. Yote mawili yangekufaa wewe, kwa sababu "nilimuuliza akakataa kujibu" ni sentensi nzito kuliko "wezi", na haina mahali pa kukamatika.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Mimi ni mwanachama wa AMCOS yetu. Kwenye malipo ya mnada wa tatu nimekatwa shilingi 60 kwa kilo ambazo hazimo kwenye mchanganuo wa makato tuliosomewa kwenye mkutano. Karatasi zote mbili ninazo. Jumanne nilimuuliza mwenyekiti, hakujibu. Jumatano nilimuuliza katibu, akasema ataeleza mkutano ujao. Ninaiomba bodi ieleze fedha hizi zimekwenda wapi." Soma kwa sauti uone. Hakuna tusi hata moja, na bado ningekuwa mjumbe wa bodi hiyo nisingelala usingizi. Kila neno lina karatasi au siku nyuma yake, na akitaka kukanusha itabidi ataje fedha zilipo.

Karatasi zenyewe utazipata wapi? Anza na stakabadhi yako ya ghala na karatasi ya malipo. Kisha dai mchanganuo kamili wa makato ya ule mnada: ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, usafirishaji, chama kikuu, chama cha msingi, kila kimoja na shilingi zake. Wewe ni mwanachama, na chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 chama ni chenu. Mkutano mkuu ndiyo mamlaka ya juu ya chama, bodi iko chini yake. Hesabu za vyama hukaguliwa na COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, na mna haki ya kusomewa taarifa ya ukaguzi. Waulizeni ilisomwa lini mara ya mwisho. Bodi ikigoma, mwandikie Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa, nakala ibaki kwako na muhuri wa kupokelewa. Upo pia mlango wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambao kwa halmashauri na taasisi nyingine za umma ndio mzuri zaidi. Unaomba kwa maandishi, na wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Ushuru unaokwenda halmashauri uombee huko. Wasipojibu, hilo nalo liandike, na tarehe zake.

Kuhusu leseni hukuniuliza, lakini najua yule mjumbe atakuja na hoja hiyo akishindwa na hii. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilipotoka mwaka 2018, mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 1,000,000 za leseni ya kuanzia na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Watetezi wa haki za binadamu na wadau wa habari walizipinga hapahapa kwetu, Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, wakapata zuio la muda mwanzoni mwa Mei. Mwisho wa mwezi huohuo shauri likatupwa. Tangu hapo kanuni zimeandikwa upya mwaka 2020 na ada zikapunguzwa 2022. Mambo haya yanabadilika, kwa hiyo ukifika siku ya kukusanya habari za vijiji vingine na kuzitoa kila siku kama chombo cha habari, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa maandishi kabla hujaanza. Kwa sasa unaandika kama mwanachama anayeuliza fedha zake. Baki hapo. Wala usijiite mwandishi wa habari, kwa sababu jina hilo lina ithibati yake chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na huna sababu ya kumpa mtu kosa la bure.

Hofu yako siidharau. Kila tunapokwenda Dar es Salaam tunapita Kibiti, na mimi kila nikipita pale namkumbuka Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiandika habari za mauaji ya eneo lile. Alichukuliwa na watu wasiojulikana Novemba 21, 2017, na mpaka leo hajaonekana. Anayekuambia hakuna cha kuogopa hakupendi. Ninachokuomba ni kuogopa kwa mpango. Nakala za stakabadhi zako ziwe pia kwa mtu mwingine unayemwamini. Usiandike usiku ukiwa na hasira. Andika, lala, soma asubuhi, ndipo utoe. Tafuta wanachama wengine wawili au watatu wenye makato hayohayo mwandike pamoja, kwa sababu sauti nne zenye stakabadhi nne hakuna atakayeziita za "mama mmoja mchochezi". Uwe na namba ya wakili au ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na mumeo au ndugu zako waijue pia. Ukiitwa polisi, nenda na mtu, na usiende bila kumwambia mtu umekwenda wapi.

Nitakuambia pia kwa nini kunyamaza kwako hakutaleta amani kijijini, kama anavyodai mjumbe wako. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Nilikuwa Lindi. Siku ile nilisikia mambo matatu tofauti kuhusu Mtwara, yote kutoka kwa watu waaminifu, wasomi, wanaoswali, na sikuweza kuhakiki hata moja. Majirani walikuwa wakipanga safari na kufunga maduka kwa habari ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi. Kijiji kisichoelezwa shilingi 60 zimekwenda wapi nacho kitajieleza chenyewe, na maelezo ya vilabuni wakati wa mabibo huwa makali kuliko chochote ulichoandika wewe.

Turudi kwenye redio, niliyokuahidi mahali pa kuweka hasira. Mwandikie meneja wa kituo barua. Taja siku na saa ya kipindi, maneno yaliyosemwa, na kwamba hukutafutwa. Usiombe mtangazaji afukuzwe. Omba nafasi ya kujibu, ya urefu uleule na saa ileile. Ambatanisha nakala ya karatasi zako mbili. Meneja mwenye akili atakupa nafasi, kwa sababu anajua anachoweza kufanyiwa. Asipokupa, lipo Baraza la Habari Tanzania, linalosikiliza malalamiko ya watu kama wewe na kusuluhisha bila kupitia mahakamani. Na kwa kuwa ni redio, ipo Kamati ya Maudhui ya TCRA. Mimi ningeanza na Baraza. Kamati ina uwezo wa kutoa adhabu, na sipendi kuona redio ya wilaya ikipigwa faini hadi kufungwa, kwa sababu siku ikifungwa, hata mlango huu ulio nusu wazi utakuwa umekomelewa.

Barua hiyo na maandishi yako mapya, nitumie kabla hujavitoa. Nitavisoma siku hiyohiyo. Mkutano mkuu ukitangazwa, mpigie yule mtangazaji siku tatu kabla, kwa sauti ya kawaida, umwambie kwamba wanachama watatu wenye stakabadhi wako tayari kuongea naye kwa simu na mwenyekiti naye amearifiwa, ili asiwe na haja ya kutafuta nauli wala kungoja gari la mtu.